Muhogo Mbele ya Mama Mkwe

Watu wa huku Kasongo wakilitaja shamba la mfano huwa wanacheka kwanza. Mimi sicheki. Mimi natema mate pembeni, halafu ndiyo nasimulia, kwa sababu moniteri aliyelisimamia shamba hilo alikuwa mume wangu, na shamba lenyewe, lile lililopigwa picha, lilikuwa la mama yangu mzazi.

Wakati huo Wabeleji walikuwa bado wamekaa kwenye viti vyao kwa raha zao, na uhuru hakuna aliyeuota. Sisi tulikaa kijijini, mwendo wa asubuhi moja kutoka Kasongo mjini, kwenye barabara ya kwenda Kabambare. Mume wangu, Zuberi, alikuwa mtoto wa muuza chumvi wa sokoni. Jembe alikuwa hajalishika hata la kuazima. Serikali ikamchukua, ikamfundisha miezi michache, ikamrudisha moniteri wa ukulima. Lo! Ungemwona siku aliyorudi. Kaputula ya kaki, kofia ngumu, kamba ya kupimia mistari, na filimbi shingoni. Alitembea amevuta tumbo ndani na kifua mbele utadhani barabara nzima kaijenga yeye. Siku moja akapiga filimbi ndani ya nyumba yangu, eti chakula kimechelewa. Nikamwambia, ukirudia nitaitumbukiza hiyo filimbi kwenye mboga ya sombe, uitafune.

Bwana wake alikuwa agronomu, bwana shamba mmoja Mbeleji, mtu mwekundu wa shingo, ambaye Kiswahili chake kilikuwa neno moja na nusu. Neno lenyewe ni "onyesha". Onyesha mikono. Onyesha jembe. Onyesha majani. Jina lake la kwao hatukuwahi kulijua na hatukulitafuta, tukamwita Bwana Onyesha na mwenyewe akaitika.

Huyo Bwana Onyesha ndiye aliyeamua kwamba tunahitaji shamba la mfano. Likae mahali pa wazi, vijiji vyote vije kulitazama, lipandwe vitu vinavyolika na visivyoogopa jua: mihogo, mtama, mbaazi, kunde, njugu mawe, viazi vitamu. Ili tujifunze kutokufa njaa wakati wa kiangazi. Muhogo! Mtu katoka Ulaya na meli na treni na gari, kaja kutuonyesha muhogo, sisi tulioota meno tunakula sombe ya majani yake. Na Zuberi anasimama pembeni yake anaitikia ndiyo bwana, ndiyo bwana, kama vile muhogo kausikia leo.

Na mahali walipopachagua! Kando ya barabara, kwenye changarawe nyekundu ambapo hata mbuzi hasimami kwa muda mrefu. Kwa nini pale? Kwa sababu wakubwa watapita na gari, na wakubwa hawashuki ovyo. Kila Ijumaa asubuhi Zuberi alipiga filimbi tukatoka wanaume kwa wanawake kwenda kulima mawe. Ijumaa, nakwambia, yeye mtoto wa Kiislamu! Mzee Sumaili, mwalimu wa msikiti wetu, alikwenda kumwomba walau abadilishe siku. Akajibiwa kwamba serikali haijui Ijumaa. Asiyetokea aliandikwa jina, na aliyeandikwa jina alilala jela ya Kasongo.

Nitasema kweli lakini, kwa maana hata mtu unayemdharau ana haki yake. Zuberi alikuwa na jambo moja jema, na ndilo lililoniweka kwake. Alikuwa anajua haya ya ukwe.

Kwetu, mwanaume na mama mkwe wake wanaoneana haya. Hamtazami usoni. Hali chakula mbele yake, hata karanga moja. Akikutana naye njiani ni yeye anayepisha, na jina lake hamtamki. Akila mbele yake kwa kujua, ukwe umekatika hapo hapo, na mke arudi kwao. Katika hayo Zuberi alikuwa hana mchezo. Niliona kwa macho yangu akijitupa kwenye miiba na kofia yake ya serikali kwa sababu mama ametokea kwenye kona na kuni kichwani. Alitoka amechanika magoti, wala hakulalamika.

Sasa mama yangu anaitwa Subira. Hebu fikiri, moniteri ambaye kazi yake yote ni kuwaambia watu wangoje muhogo ukomae, halafu neno subira haliwezi kutoka kinywani mwake! Alikuwa akisimama mbele ya kijiji kizima na kusema, "Mimea hii inataka… inataka ile… ile roho ya kungoja." Wanawake wanabanana mbavu kwa kicheko. Mimi nilikuwa nikimsikia anavyozungukazunguka kulikwepa jina la mama, nalainika. Najiambia, sawa, ni mjinga, amevimba kichwa, lakini anamheshimu mama yangu. Usiku namsugua mgongo kwa maji ya moto.

Shamba la changarawe likafa, bila shaka. Mvua ilipokatika, kunde zilijikunja, mtama ukabaki mabua ya kuwashia moto, na mihogo ikawa vijiti vile vile vilivyopandwa. Mbuzi wakamaliza kilichobaki. Na Zuberi, badala ya kumwambia Bwana Onyesha, kila wiki alikuwa akimpelekea habari kwamba shamba ni zuri sana, na Bwana Onyesha naye akiwaandikia wakubwa wake kwamba shamba ni zuri sana. Wote wawili wakaridhika.

Mpaka habari ikaja kwamba Komisera mwenyewe, mkubwa wa wilaya, anapita, kutoka Kasongo kwenda Salamabila kwenye dhahabu, na atasimama kulitazama shamba. Bwana Onyesha akaja mbio. Alisimama kwenye changarawe akageuka rangi, mwekundu akawa mweupe. Nilikuwa pale, nimebeba maji. Akatazama huku, akatazama kule, halafu macho yakavuka barabara, yakateremka mpaka kwenye kijito, yakatua kwenye shamba la mama.

Shamba la mama lilikuwa halina mistari. Mihogo imesimama ovyo, viazi vitamu vimetambaa chini yake, mtama mkono huu, mbaazi mkono ule, njugu mawe pale alipopata nafasi. Lakini lilikuwa bichi. Kaka zangu wote wawili walikuwa wamekwenda kwenye dhahabu, wamemwachia mama wake zao na watoto wao, na watu wote hao kiangazi kizima chungu chao kilikuwa shamba lile. Ghala halikuwepo. Ukila, unachimba, na ukichimba unakula.

"Ile iko ya nani?" akauliza Bwana Onyesha.

Zuberi alijua. Kiatu chake kilikuwa kinapisha shamba lile kila siku asije akamkuta mama humo. Akasema, "Ya kijiji, bwana."

Jioni hiyo hiyo wakang'oa ubao wa serikali kwenye changarawe, ubao mweupe wenye maandishi ya Kifaransa, wakaupigilia kwenye shamba la mama.

Na nani akatumwa kumwambia? Mimi, kwa kuwa mkwe haongei na mkwe. Zuberi alikaa kitandani anavua soksi, ananiambia, "Umwambie mama yako kwamba kuanzia leo hakuna mutu wa kuchimba mule mpaka serikali iseme. Ni jambo la siku chache tu."

"Watoto watakula nini siku hizo chache?"

"Serikali itatazama."

"Serikali itatazama nini, midomo yao?"

Akakunja soksi zake vizuri, moja juu ya nyingine.

Nilikwenda kumwambia mama. Nilitegemea atapiga kelele, maana mama yangu si mpole, sauti yake ikitoka inasikika ng'ambo ya kijito. Siku hiyo hakupiga kelele. Alinusa tumbaku yake, akapiga chafya, akauliza, "Ni yeye mwenyewe aliyesema shamba ni la kijiji?" Nikasema ndiye. Akaniambia, "Haya. Ukamsalimie."

Siku ya Komisera ikafika. Tulipangwa barabarani tangu alfajiri, wanawake na majembe mabegani ya kuonyeshwa, watoto wamepakwa mafuta, Zuberi anakimbia huku na huku na filimbi yake. Magari yakaja. Akashuka Komisera, mzee mnene wa suti nyeupe, na kijana mmoja wa kupiga picha, na askari polisi. Bwana Onyesha akawatangulia kwenye njia ya kuteremkia kijitoni, na Zuberi mbele kabisa na fimbo ya kuelekezea, anamwaga Kifaransa chake. Sisi tukafuata nyuma.

Mama alikuwa ameshakaa shambani. Alikuwa amekaa chini, katikati kabisa, miguu ameinyoosha mbele, kikwembe chake kizuri cha Idi kiunoni, kisu mkononi. Anamenya muhogo. Muhogo wetu ule mtamu unaolika mbichi. Anamenya, anakata, anatafuna, na wala hatazami mtu.

Zuberi alikuwa anarudi kinyumenyume ili awatazame wakubwa anapoongea. Aligeuka, akamwona. Toba! Mtu mzima alirukia kwenye mbaazi kama nyoka kamgusa. Kofia ikabaki juu ya tawi. Wazungu wakadhani ni nyoka kweli, askari akainua bunduki, na kijiji kizima kikaangua kicheko, hata Mzee Sumaili alifunika mdomo.

"Nini? Nini?" anauliza Bwana Onyesha. "Toa huyu mama! Toa!"

Sasa sikiliza mambo. Bwana Onyesha anamfokea Zuberi kwa Kifaransa. Zuberi, kageuza mgongo, uso ndani ya mbaazi, ananiambia mimi kwa Kiswahili, "Mwamvita, umwambie mama yako wakubwa wanaomba apishe." Mimi namgeukia mama, namwambia. Mama ananijibu, hatua mbili kutoka alipo Zuberi, "Umwambie huyo anayeongea na mbaazi kwamba ninakula muhogo wangu. Nikishiba nitaondoka." Namwambia Zuberi aliyeshasikia. Zuberi anayageuza kwa Kifaransa, na alichosema sikijui, lakini kilikuwa kirefu kuliko maneno ya mama, na Bwana Onyesha alizidi kutoka jasho.

Komisera akachoka. Yeye alikuwa na Kiswahili chake, cha miaka mingi ya kuamuru. Akaweka mikono nyuma, akauliza polepole ili kila mtu asikie: "Moniteri. Shamba hii iko ya nani? Na huyu mama iko nani?"

Sote tulijua jibu, na tulijua bei yake. Akisema shamba ni la mama mkwe wake, basi filimbi imekwenda, kofia imekwenda, na pengine jela juu yake kwa kumdanganya Komisera. Akisema vingine, mama ni mwizi ndani ya shamba la serikali, na askari yule pale. Mimi nilimtazama mgongo wake, lile shati la kaki nililolipiga pasi mwenyewe, na nikamwombea. Wallahi nilimwombea.

Zuberi akatoka kwenye mbaazi. Akachukua kofia yake kwenye tawi, akaivaa, akainyoosha. Akasema, "Shamba iko ya serikali, Bwana Komisera. Huyu mama simjui. Sijapata kumwona uso wake hata siku moja."

Unaona? Unaona ufundi wa shetani? Ilikuwa kweli! Hajapata kumwona uso. Haya yote ile, miiba yote ile, magoti yaliyochanika, kumbe alikuwa anajiwekea akiba ya uongo. Nilisikia moto ukinipanda kutoka miguuni. Nilikuwa nimemdharau kwa kofia yake na kamba yake na soksi zake, lakini hiyo ilikuwa dharau ya nyumbani, ya mke na mume, unaamka nayo na unapika nayo. Ile iliyoniingia pale ilikuwa nyingine.

Askari akapiga hatua. Mama akamwinulia kiganja, kama unavyomzuia mtoto, akainuka mwenyewe. Akakung'uta kikwembe. Akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya Zuberi, akasimama karibu kuliko alivyowahi kusimama tangu tuoane, akamtazama usoni. Wanawake walivuta pumzi.

"Kama hunijui," mama akasema, "basi mimi na wewe hatuna haya. Karibu, mgeni wa serikali." Akakata kipande cha muhogo, akamnyooshea.

Bwana Onyesha, maskini, akaona hatimaye kuna kitu cha kuonyeshwa. Uso ukamng'aa. "Ndiyo! Muzuri! Kula, moniteri! Onyesha Bwana Komisera! Onyesha!"

Angeweza kukataa. Angeweza kusema tumbo linamuuma. Angeweza kusema amefunga, Mwislamu anakosaje udhuru! Wale wazungu wangejuaje? Kilikuwa kipande cha muhogo tu. Akamtazama Bwana Onyesha, akamtazama mama, akakipokea kwa mkono wa kulia, kwa adabu zote, akakiuma. Kau! Tulikisikia mpaka nyuma. Akatafuna, na kijana wa picha akapiga picha. Mzee Sumaili akageuza uso akatazama kijito. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema taratibu, "Yamekwisha, jamani," na hakuna aliyemuuliza yapi.

Komisera alifurahi sana. Alimpigapiga Zuberi begani, akatugeukia sote, akainua mkono juu ya shamba la mama kama imamu anayeomba dua, akasema, "Muzuri! Bote kula! Bote lima!" Wakapanda magari, vumbi likawafuata.

Mama alingoja mpaka sauti ya gari imekwisha. "Mmemsikia mkubwa?" akasema. "Bote kula."

Wale wanawake walikuwa na majembe mabegani tangu alfajiri. Waliingia. Zuberi akapiga filimbi mpaka mashavu yakamvimba, akakimbilia kwa askari polisi wa kijiji, amri, amri! Askari akamwambia na yeye alisikia amri, tena kutoka kinywa cha Komisera mwenyewe, na akacheka akaketi. Tulichimba mihogo yote, viazi vyote, njugu mawe zote, mtama tukakata masuke. Hakuna aliyejichotea hata kiazi. Kikapu kwa kikapu kilikwenda uani kwa mama, na huko wengine walikuwa wameshaanza kumenya, kuloweka na kuanika. Watoto wa kaka zangu kiangazi kile hawakulala na njaa. Vijiti vya muhogo tulivichukua, tukavipanda ng'ambo ya kijito, ambako gari halifiki. Zuberi tulimwachia ubao wake, na mbaazi, apate wa kuongea naye.

Na mimi nilikwenda na kikapu cha mwisho, nikakaa kwa mama.

Asubuhi yake akaja. Mama alikuwa mlangoni anafagia, mimi nipo ndani nyuma ya mlango. Nilimwona kwenye upenyo. Alikuwa amevaa kofia, na ameinamisha macho chini, ametazama kando, vile vile kama zamani. Eti anamwonea mama haya! Kama vile haya ni mbuzi, unaifungua ikachunge halafu jioni unaivuta kwa kamba.

"Karibu, mgeni," mama akamwambia. "Unamtafuta nani?"

"Namtafuta Mwamvita."

"Hapa kijijini kina Mwamvita ni wengi. Mwamvita binti wa nani?"

Nitakwambia ukweli ambao sijamwambia mtu: nilimwombea tena. Kwa sababu jibu lilikuwa neno moja dogo, wako. Binti yako, mama. Angelisema hilo, hata kwa kuinama, hata kwa kigugumizi, na muhogo wake wote ule tumboni, mimi ningejifunga kikwembe changu nikatoka. Mpumbavu mimi, lakini ningetoka. Mama naye nadhani alijua, maana aliacha kufagia akamngoja.

Zuberi akafuta jasho. Akaipitisha shingo yake juu ya bega la mama, akanipigia kelele mimi huku ndani, kwa ile sauti yake ya Ijumaa asubuhi: "Mwamvita! Toka tuongee. Bwana Onyesha amesema nitapewa baiskeli. Haya mambo yatapita, fanya subira!"

Miaka yote ile ya ndoa sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Lilimtoka jepesi kabisa, wala hakujua kwamba limemtoka. Alikuwa ananyoosha kofia.

Mama alisimama na ufagio wake. Kisha akanigeukia mimi kwenye upenyo, akasema bila hasira, "Kumbe jina langu alikuwa analijua," akafunga mlango.